Tembo Wanne wa Msasani

Nilizaliwa Mpwapwa, nikakulia Mpwapwa, na ualimu nikausomea palepale Mpwapwa. Hata hivyo nilikuwa nimeshavuka miaka 40 ndipo nilipojua kwamba katika mji wetu alifia tembo kutoka India. Wazee hawakunisimulia, wala walimu wangu wa historia hawakulitaja jambo hilo. Nilikutana nalo siku ya mvua katika maktaba moja ya Dar es Salaam, mjini nilikokwenda kwa semina ya walimu wa shule za msingi, ndani ya kitabu kilichogeuka rangi kilichohusu misafara ya Wabelgiji. Niliisoma aya ile mara tatu. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi chini ya paa, nikamkumbuka mtoto mmoja niliyewahi kumchapa viboko viwili kwa sababu ya jibu alilonipa darasani.

Huyo mtoto nitamfikia. Kwanza tembo.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaalika Brussels wasafiri na mabingwa wa jiografia wa Ulaya, wakaunda chama cha kimataifa ambacho kwa maneno kilikuwa cha elimu na cha kukomesha biashara ya watumwa. Baadaye Kongo iliona kwa damu maneno hayo yalificha nini. Lakini hatua za kwanza za chama kile zilipigwa upande wetu huku: kujenga vituo kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Na kila aliyetaka kulifikia ziwa lile, awe mfanyabiashara, mmisionari au mtumishi wa mfalme, ilimbidi kwanza ajibu swali moja. Mzigo ataubeba nani?

Farasi hawakuvuka nyika ya mbung'o wakabaki wazima. Maksai walijaribiwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price aliwatoa Saadani akawafikisha Mpwapwa, watu wakafurahi wakidhani jibu limepatikana. Mwaka uliofuata mmisionari Alexander Mackay akafyeka barabara kutoka Saadani hadi kwetu ili magari ya kukokotwa yapite. Magari yakaja, maksai wakaumwa na mbung'o, wakafa. Barabara ikarudi kuwa majani. Mzigo ukabaki pale ulipokuwa siku zote, kichwani na begani mwa binadamu.

Binadamu mwenyewe, mara nyingi, alikuwa Mnyamwezi. Nataka nikae hapa kidogo, maana wapagazi hawa katika vitabu vya shule wanapewa sentensi mbili, tena wanachorwa kama watumwa waliofungwa minyororo. Walikuwapo watumwa walioswagwa katika njia ile, ni kweli, na walikuwapo watumwa waliobeba mizigo. Lakini pagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani kwa ujira alikuwa mtu wa kazi yake, kama fundi seremala alivyo mtu wa kazi yake. Alitoka nyumbani kiangazi, akafanya hesabu ya kurudi kabla ya mvua za kulimia. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ukiacha mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Ujira ulipatanwa kwa nguo, merikani na kaniki, na posho ilipatanwa mbali. Mbele alikwenda kirangozi, mtu anayejua maji yako wapi na ni mtemi gani anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kiasi gani. Kulikuwa na sheria zisizoandikwa. Ukitaka tirikeza, ile safari ya alasiri ya kuvuka mahali pasipo na maji, uwaambie watu mapema, uwape sababu. Ukiwasukuma bila sababu, mizigo inashushwa chini na watu wanakaa juu yake. Ukipunguza posho, asubuhi unaamka kambi imepungua.

Wazungu waliandika habari zao usiku, wakiwa na hasira, katika shajara. Wavivu. Wakaidi. Watoro. Msafara wa kwanza wa Wabelgiji nao uliachwa njiani na wapagazi wengi, na kilichorudi Ulaya kikawa ni habari ya Waafrika wasiofundishika. Mimi nikizisoma shajara hizo leo naona watu waliojua hesabu. Walijua uzito wa mzigo, urefu wa njia, thamani ya nguo, hatari ya vita mbele yao, na waliyalinganisha hayo yote kabla ya kuinua mguu. Pagazi aliyetoroka kabla ya kuingia katika nchi yenye vita alikuwa amefikiri, na mara nyingi alikuwa amefikiri vizuri kuliko aliyemwajiri.

Huko Brussels ndoto ikazaliwa: apatikane mpagazi mwenye nguvu ya watu kumi na zaidi, asiyepatana bei, asiyeshusha mzigo, asiyetoroka usiku. India alikuwapo. Jeshi la Waingereza lilikuwa likimtumia kuvuta mizinga. Leopold akatoa fedha, tembo wanne wakanunuliwa Pune, wawili madume na wawili majike, wakapakiwa melini Bombay pamoja na waendeshaji wao wa Kihindi. Nahodha wa msafara alikuwa Frederick Carter, mtu wa Ireland. Mwanzoni mwa Juni 1879 meli ikatia nanga ghuba ya Msasani, pale ambapo siku hizi kuna mahoteli na boti za matembezi. Tembo wakashushwa baharini, wakaogelea hadi ufukweni.

Nimesimama Msasani mara mbili kwa ajili ya jambo hili tu. Nilijaribu kuwaona wavuvi wa siku ile, mnyama mkubwa akitoka majini na mtu amekaa shingoni, akigeuka kulia anapoguswa sikio, akisimama anapoambiwa neno la Kihindi. Watu wa pwani walijua tembo. Pembe zake zilikuwa zikipita Bagamoyo kwa maelfu. Tembo anayetii hawakuwahi kumwona.

Safari ikaanza Julai. Na mwanzoni habari zilikuwa nzuri mno. Tembo walivuka mito, walipanda milima ya Usagara, waliumwa na mbung'o na hawakuanguka. Barua zikaandikwa kwenda Ulaya kwamba jibu limepatikana. Walibebeshwa mizigo mizito, na chakula walichopewa hakikulingana na kazi. Porini tembo anakula sehemu kubwa ya mchana na ya usiku, anachagua, anahama. Tembo wa msafara anatembea saa za watu na anakula saa zinazobaki. Katika nchi kavu wakati wa kiangazi saa hizo hazikutosha.

Wakafika Mpwapwa. Hapo, kwetu, chini ya milima ninayoifahamu kwa majina, dume mkubwa akaanguka akafa. Mbele ilikuwa Marenga Mkali, nyika ya maji machungu, na baada yake Ugogo, mibuyu na jua na visima vya kugombea. Wa pili akafa njiani. Wa tatu naye. Mwishoni mwa mwaka 1879 jike mmoja, aliyeitwa Pulmalla, akaingia Karema, kituo ambacho Mbelgiji Cambier alikuwa amekianzisha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika miezi michache tu kabla.

Zilitolewa sababu nyingi baadaye, na wengi walikubaliana juu ya mbili, mzigo kuzidi na chakula kupungua. Mbung'o hakuwa na hatia. Mimi katika aya ile ya maktabani nilisimama kwenye jambo jingine. Wapagazi walikuwa na njia ya kusema mzigo umezidi. Waliushusha. Tembo wanne walikuwa wamefundishwa vizuri sana, kiasi kwamba walichukua kila walichotwikwa, wakaenda kila walikoelekezwa, mpaka moyo ukasimama.

Sasa yule mtoto.

Mwaka wangu wa saba kazini nilifundisha hesabu darasa la tano, katika shule ya kijiji nisichokitaja, wanafunzi 63 chumba kimoja. Niliandika ubaoni swali ambalo kila mwalimu wa nchi hii ameliandika: watu 4 wanalima shamba kwa siku 6, je, watu 8 watalilima kwa siku ngapi? Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye daftari lake nilikuwa nikiwaonyesha wageni, akanyoosha mkono akasema siku 3, akaeleza njia kama nilivyoifundisha, neno kwa neno. Nikampongeza. Mvulana wa nyuma, mtoto wa mkulima wa mtama, akanyoosha mkono naye. Akasema, "Mwalimu, inategemea kama wana majembe manane. Kwetu tuko saba, majembe ni matatu."

Darasa likacheka. Nilidhani ananifanyia dhihaka, nikamwita mbele, viboko viwili. Mwisho wa muhula nikajaza fomu ya tabia. Utii, nikampa alama ya chini. Katika maelezo nikaandika: mbishi, ana kichwa kigumu.

Sisi walimu tuna msamiati wetu. Mtoto anayeshika upesi ni mwepesi, anayechelewa ni mzito. Anayekaa kimya akafuata ni msikivu, na hilo ni sifa kubwa. Na kuna hilo la kichwa kigumu, tunalomtupia asiyeelewa na asiyekubali kwa pamoja. Nimelitumia miaka 34 na sikuwahi kujiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye mbele yangu. Yule mvulana alikuwa ameelewa swali kuliko mimi. Alilichukua kutoka ubaoni akalipeleka shambani, akaliona tundu lake. Kitabu kilikuwa kimefikiri kwamba mtu akiongezeka jembe linazaliwa.

Na msichana je? Huyu ndiye anayenisumbua zaidi, kwa kweli. Ni rahisi kusema alikuwa kasuku, nami nisingependa mtu aseme hivyo, kwa sababu sijui. Huenda akili yake ilizidi ya wote. Sikumpa hata siku moja jambo ambalo lingemlazimu anikatalie, na usikivu wake uliniridhisha kiasi kwamba sikutafuta kilichokuwa nyuma yake. Nilikuwa nimeyajua mafundisho yangu mwenyewe yakirudi kwangu kutoka mdomoni mwake. Yeye mwenyewe sikumjua.

Turudi kwa tembo. Wazungu wa wakati wa msafara ule walikuwa na maelezo yao kuhusu tembo. Tembo wa India, walisema, ana akili, ndiyo maana anafundishika. Wa Afrika ni mkali na mjinga, hafundishiki. Maneno hayo yalikuwa ya zamani sana. Mwaka 217 kabla ya Kristo, huko Rafia karibu na Gaza, mfalme wa Misri aliingia vitani na tembo 73 wa Afrika dhidi ya tembo 102 wa India wa mfalme wa Shamu, na mwanahistoria Polybius akaandika kwamba wale wa Afrika waliogopa, hawakustahimili harufu wala sauti ya wenzao. Aya ile ikasomwa na wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi. Waliisoma wasijiulize jambo lililo wazi kabisa ndani yake, kwamba mfalme wa Misri alikuwa na tembo 73 wa Afrika waliofundishwa, waliobeba minara na askari, waliokamatwa katika nyika za upande wa Eritrea na Sudani na kusafirishwa kwa meli katika Bahari ya Shamu. Hannibal wa Carthage, mwaka mmoja kabla ya vita vile, alikuwa amevuka milima ya Alps na tembo 37, na wengi wanaaminiwa walikuwa wa Afrika Kaskazini.

Na tembo wa Asia si mfugo kama ng'ombe alivyo mfugo. Ng'ombe tumemchagua kizazi hata kizazi, aliye mkali tukamchinja, mpole tukamzalisha, mpaka upole ukawa katika damu. Tembo wa kazi wa India na Burma kwa sehemu kubwa walikamatwa porini, kila kizazi upya. Kila mmoja alifungwa kamba miguuni kati ya tembo wawili wazoefu, akanyimwa nafasi, akachoshwa, akapigwa na kubembelezwa mpaka akakubali. Kilichokuwapo India kwa maelfu ya miaka ni watu, koo za waendesha-tembo, baba akimrithisha mwana amri, dawa, nyimbo na namna ya kumgusa mnyama nyuma ya sikio. Elimu ilikuwa kwa mwalimu. Mnyama akapewa sifa ya ufundi wa mtu, na yule ambaye nchi yake haikuwa na ufundi huo akaitwa mjinga.

Hata London walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao. Jumbo, tembo aliyeletwa Ulaya akiwa mdogo kutoka upande wa Sudani, alitembeza watoto mgongoni katika bustani ya wanyama kwa miaka mingi. Alikuwa wa Afrika. Mwaka 1882, alipouzwa kwa mwenye sarakasi wa Marekani na kutakiwa atembee kwenda melini, alikataa kuondoka, akalala barabarani.

Leopold mwenyewe hakuikatia tamaa ndoto yake. Mpango wa mwaka 1879 ulikuwa na sehemu ya pili, kwamba wale wa India wakifika watumike kuwanasa na kuwafundisha wa huku. Miaka 20 baadaye alimwagiza ofisa mmoja, Laplume, ajaribu bila wao. Kazi ikaanza katika nchi ya Uele, kaskazini mwa Kongo, kisha ikatulia Api, na baadaye ikahamia Gangala-na-Bodio, jirani na ilipo leo Hifadhi ya Garamba. Mwanzo ulikuwa mbaya. Mama waliuawa ili watoto wakamatwe, na watoto wengi wakafa. Polepole Waazande waliofanya kazi pale wakawa mabingwa wa kumzunguka tembo kijana kwa kamba, kumtenga na kundi, kumfunga kwa tembo mkubwa aliyekwisha zoea. Ndani ya miezi kadhaa akawa anavuta mkokoteni. Baadaye tembo wale walivuta majembe na magogo, wakakodishwa mashambani. Tembo wa Afrika, yule asiyefundishika.

Habari ile ilinifurahisha nilipoisoma kwanza, kama mtu aliyeshinda kesi. Nimeisoma tena uzeeni na furaha imepungua. Kumbe ili tembo wetu apewe heshima ya akili ilibidi naye alime.

Kuna ustadhi tuliyefundisha naye shule moja kwa miaka mingi, yeye akichukua kipindi cha dini ya Kiislamu na mimi, Mwanglikana, cha Kikristo. Siku moja katika chumba cha walimu nilimweleza tembo wa Msasani. Akanyamaza, kisha akanikumbusha tembo wa Abraha. Kila aliyekaa chuo cha Kurani anaijua Suratul Fil. Abraha, mtawala wa Yemen mwenye asili ya Habasha, alikwenda kuibomoa Kaaba na jeshi lenye tembo, katika mwaka ambao Waislamu wanauita Mwaka wa Tembo, mwaka aliozaliwa Mtume. Masimulizi ya sira yanasema tembo wake mkubwa aliitwa Mahmudi. Walipomwelekeza Makka alipiga magoti. Wakampiga kwa vyuma, hakuinuka. Wakamgeuza Yemen, akainuka akakimbia. Wakamgeuza Shamu, akakimbia. Makka, magoti. Ustadhi akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa amefundishwa vita maisha yake yote. Aliyemkumbuka Mungu siku ile ni yeye, si askari." Alisema kwa imani yake, nami niliipokea kwa yangu. Tangu hapo nikiwaza habari za yule dume wa Mpwapwa namwona Mahmudi pembeni yake.

Nilifundisha miaka mitano katika kijiji kilichopakana na Hifadhi ya Ruaha, upande wa Iringa. Huko hakuna anayehitaji kitabu kumweleza akili ya tembo. Walikuja mashambani usiku usio na mbalamwezi. Walijua ni kibanda gani mlinzi wake amelala. Wakulima walifunga vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, wakapata msimu mmoja wa amani, na msimu uliofuata tembo wakatafuta upande ambao kamba ilikuwa imelegea. Mama mwenye shamba lililoliwa alilia mbele yangu, magunia yote ya mwaka yamekwisha kwa usiku mmoja, na bado akasema, "Wale wana kikao. Wanakaa, wanapanga." Mtu aliyepoteza chakula cha watoto wake hana sababu ya kumsifu adui. Alikuwa anaeleza alichokiona.

Watafiti nao wameona. Mwaka 1993 ukame mkubwa uliikumba Tarangire. Katika makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa, watoto 16 kati ya 81 walikufa ndani ya miezi tisa. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Koo mbili zilitoka nje ya hifadhi, zikaenda kusikojulikana zikatafuta maji na majani, nazo zilipoteza watoto wachache. Ukoo mmoja ulibaki, ukafiwa zaidi. Katika zile zilizoondoka walikuwamo majike wazee, wenye umri wa kutosha kuwa walikuwa hai katika ukame wa mwaka 1958 hadi 1961. Ukoo uliobaki haukuwa na mzee kama huyo. Hakuna mtu aliyemfundisha bibi yule wa tembo. Hakuna aliyempa ndizi alipofika. Alikumbuka, akaamua, akatembea, na wengine wakamfuata.

Kenya, huko Amboseli, tembo walisikilizishwa sauti za watu zilizorekodiwa, Mmaasai na Mkamba, kila mmoja akisema kwa lugha yake maneno yaleyale, kwamba tazama kule kundi la tembo linakuja. Sauti ya mwanamume wa Kimaasai iliwafanya wajikusanye na kuondoka. Ya Mkamba iliwashtua kidogo tu. Za wanawake na za wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha vile. Morani na tembo wamekuwa wakichomana mikuki na pembe kwa muda mrefu, Wakamba wa pale ni wakulima. Mnyama anatofautisha lugha, jinsia na umri kwa sikio, kwa sababu maisha yake yamo humo.

Siku ya matokeo ya utafiti ule kutangazwa redioni, mwaka 2014, nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilikwenda kwenye kabati la shule nilimokuwa nikiweka madaftari yangu ya zamani nikatafuta la darasa la tano lile. Fomu zenyewe zilikuwa zimekwisha kwenda zinakokwenda, lakini daftari langu la alama lilikuwapo, limeliwa na mchwa pembeni. Jina la yule mvulana likasomeka. Mbele yake kwa kalamu nyekundu: mbishi. Nikakata neno lile kwa mstari mmoja na juu yake nikaandika: majembe matatu, watu saba. Hakuna atakayelisoma. Nilitaka tu liandikwe na mkono uleule.

Mwalimu Nyerere alitueleza mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule zitoe mtu mwenye akili ya kudadisi, anayeweza kupokea ya wengine na kuyakataa au kuyageuza yasipofaa. Tuliisoma chuoni Mpwapwa, tukaifanyia mtihani. Nakumbuka tuliikariri kwa vifungu, kifungu cha kwanza mpaka cha mwisho, na niliyekariri vizuri kuliko wote nilikuwa mimi. Nilipata alama 92. Sikuwahi kumuuliza mkufunzi swali hata moja juu yake, wala yeye hakututaka tuulize.

Carter alimwacha Pulmalla Karema, akashika njia ya kurudi pwani ili alete tembo wengine, maana mipango ya kununua wengine ilikuwa imeanza kuzungumzwa. Hakufika. Juni 1880, katika nchi ya Wapimbwe, yeye na mwenzake Cadenhead walijikuta katika kijiji kilichovamiwa na majeshi ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, wakauawa wote wawili. Pulmalla naye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Sijui kama kuna anayejua alipozikwa. Karema leo watu wanakumbuka kanisa la wamisionari waliokabidhiwa kituo mwaka 1885, na daktari Adrien Atiman aliyewatibu kwa miongo mingi. Tembo wengine hawakuletwa. Mizigo ya Karema iliendelea kufika kama ilivyokuwa ikifika kabla yao, kichwani na begani mwa Wanyamwezi, frasila mbili kwa kila mtu, baada ya kupatana bei.